Namba sita

Mpendwa Salim,

Salamu nyingi. Umeuliza imekuwaje CCHA, konferensi (yaani kundi la timu za vyuo zinazoshindana) ya hoki ya barafuni Marekani, ife mwaka 2013, kisha leo iwepo tena. Shika kwanza namba moja: sita. Konferensi ya hoki ya barafuni isiyo na timu sita, bingwa wake hapewi na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, nafasi ya moja kwa moja katika mashindano ya taifa, na humo huingia timu 16 tu.

Big Ten, konferensi ya vyuo vikubwa, ilikuwa na vyuo vitano vyenye hoki: Michigan, Michigan State na Ohio State vikicheza CCHA, Minnesota na Wisconsin vikicheza konferensi nyingine, WCHA. Mwaka 2010 tajiri Terry Pegula akakipa Penn State, chuo kingine cha Big Ten, dola milioni 88 za uwanja na timu. Wa sita huyo akapatikana, na Big Ten ikaanza hoki yake msimu wa 2013–14. Denver na North Dakota za WCHA, na wenzao, hawakungoja kuachwa; wakaunda konferensi mpya, NCHC. WCHA ikapoteza timu nane kati ya 12. CCHA ikabakiwa na tano, zote zikahamia WCHA.

Ndoa hiyo iliponzwa na ramani. Kwa kawaida timu hukutana na mpinzani yuleyule Ijumaa na Jumamosi, kisha hurudi darasani. Sasa konferensi moja ikaanzia Huntsville, Alabama, hadi Fairbanks, Alaska! Nauli ya kikosi kizima na vifaa vyake ni mzigo mkubwa kwa chuo kidogo. Juni 2019 vyuo saba vya Michigan, Minnesota na Ohio vikatangaza kujitoa WCHA, na mwaka 2021 vikaifufua CCHA pamoja na chuo cha St. Thomas, iliyopanda kutoka daraja la tatu. Hawakumfukuza mtu. Waliondoka tu, na waliobaki hawakufika sita.

Hapo ndipo panaponiuma. Huntsville ilisimamisha timu mwaka huohuo. Anchorage, timu nyingine ya Alaska iliyokuwa imefutwa, ilirudi 2022 baada ya kuchangiwa dola milioni 3, lakini bila konferensi. Na timu isiyo na konferensi hupata shida hasa Januari na Februari, maana wengine wote wanamalizana wao kwa wao. Afueni ya timu za Alaska ni moja: mechi zinazochezwa huko hazihesabiwi katika kikomo cha mechi 34 kwa msimu cha timu mgeni, kwa hiyo anayekwenda kule anajiongezea mechi.

Kuhusu St. Thomas kuingia NCHC mwaka 2026, angalia hesabu ya wikendi. Arizona State ilipojiunga na NCHC 2024 timu zake zilikuwa tisa, kwa hiyo kila wikendi lazima mmoja akose mpinzani wa ndani. Wakiwa kumi, wote wanaweza kucheza. CCHA nayo, iliyokwisha kukipata chuo cha Augustana, haishuki chini ya sita kwa kumpoteza mmoja.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako,
Rashidi