Kabla Hujatoboa Bati

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera kwa kulipata gari la mizigo unalotaka kuligeuza nyumba ya kusafiria. Ama baada ya salamu, barua yako imefika na mchoro wako nimeutandaza mezani tangu jana. Kitanda umekipanga vizuri, na makabati yanapendeza. Lakini kuna jambo limenikosesha raha: umechora kana kwamba kuna mtu mwingine atakayelala humo ndani. Sisemi upana wa kitanda. Nauliza, nani atakuamsha?

Wakiwa wawili garini, mmoja akisikia harufu ya gesi humtikisa mwenzake. Mmoja akizidiwa na homa, mwingine hushika usukani. Wewe utakuwa peke yako, hivyo kazi zote ambazo mwenzako angezifanya, itabidi gari lenyewe lizifanye. Ndiyo maana nakuandikia sasa, kabla hujatoboa bati hata tundu moja.

Naanza na hewa. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hutokea pale gesi, kuni au mafuta yanapoungua bila hewa ya kutosha. Anayeivuta huumwa kichwa, hulegea, akasinzia, na akishasinzia hawezi kujiokoa. Kwa hiyo king'ora cha kuigundua kiwe karibu na unapolaza kichwa, mahali ambapo sauti yake haizibwi na mto wala mlango wa kabati. Kijaribu mara kwa mara. Jiko la kupikia lisiwe kamwe la kupasha joto chumba, hata usiku wa baridi kali.

Gesi ya mtungi nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutuama sakafuni, kwa hiyo kigunduzi chake hufungwa chini, si juu. Wewe mtungi umeuweka chini ya kitanda, upande wa kichwa. Uondoe hapo, nakuomba. Ujengee kabati lake lililozibwa kabisa upande wa chumba, na sakafuni mwa kabati hilo toboa tundu la kutokea nje, ili kinachovuja kiishie nje ya gari badala ya kwenye pumzi zako.

Hewa inanipeleka kwenye unyevu, ambao watu huudharau mpaka godoro linapoota ukungu. Kilo 1 ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo 1.6 za maji, yote yakiwa mvuke. Ongeza pumzi zako za usiku kucha na nguo mbichi zilizotundikwa, kisha fikiria mvuke huo ukigusa bati baridi. Hugeuka matone nyuma ya mbao zako, mahali usipopaona, na kutu huanzia hapo. Feni ya paani peke yake haitoshi, sharti kuwe na tundu la chini linaloingiza hewa mpya, la sivyo feni inahangaika bure. Kwa kuzuia joto na baridi, nakushauri mabamba ya povu lisilonyonya maji, yagundishwe moja kwa moja kwenye bati bila kuacha nafasi. Matundu madogo yaliyo chini ya milango usiyazibe hata kama yanakukera macho: yamewekwa na watengenezaji ili maji yatoke. Na kila utakapokata paa au ubavu, lainisha kingo kwa tupa, paka praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), kisha rangi, ndipo ulete silikoni ya kuzibia maji.

Kuhusu maji, umechora tanki la lita 100. Lita 1 ni kilo 1, kwa hiyo hizo ni kilo 100 umeshazitumia kabla hujaweka godoro. Tafuta kibati cha mtengenezaji chenye uzito wa juu unaoruhusiwa, mara nyingi huwa kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti. Lipeleke gari kwenye mizani likiwa tupu, toa uzito huo kwenye ule unaoruhusiwa, nawe utajua una kilo ngapi za kuchezea. Mimi ningechagua madumu ya lita 10. Mwenye mwenzake husaidiwa kujaza tanki kwa mpira. Wewe utakuwa unabeba maji mwenyewe, siku nyingine mgongo ukiuma, na dumu la kilo 10 hubebeka hata siku hiyo. Tena likipasuka moja, hayo mengine yapo.

Umeniuliza ununue betri ngapi. Swali hilo lianzie kwenye matumizi. Friji ndogo ya kompresa hutumia kama wati 45 inapozunguka, na haizunguki muda wote, kwa hiyo kadiria wati-saa (wati mara saa za matumizi) 400 hadi 500 kwa siku, zaidi kukiwa na joto. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,280, na unaweza kuzitumia karibu zote. Betri ya madini ya risasi, kama ile ya kawaida ya gari, yenye ukubwa huohuo ni vema usiishushe chini ya nusu. Lakini hiyo ya lithiamu haipaswi kuchajiwa ikiwa yenyewe iko chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, kwa hiyo iweke ndani, isikae chini ya chasisi. Birika la umeme liache: wati 1,200 kwenye volti 12 ni ampea 100, na hapo hujahesabu zinazopotea kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Fyuzi kuu ifungwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Waya ziwe za nyuzi nyingi nyembamba. Zile ngumu za ukutani hukatika kwa mtikisiko.

Sasa nirudi kwenye mchoro, maana hapa sitakubali ubishi. Umejenga ukuta kati ya chumba na kiti cha dereva. Uvunje kwenye karatasi kabla hujaujenga kwa mbao. Mtu akikugongea usiku na moyo wako ukakataa, unatakiwa utoke kitandani, ukae kwenye usukani, uwashe na kuondoka bila kufungua mlango. Pazia la kioo cha mbele liondoke kwa mvuto mmoja. Funguo ziwe na mahali pamoja. Kabla ya kulala, vyombo viwe vimefungwa kama gari liko safarini, na mbele ya kiti pasiwe na kitu.

Milango ya kutokea iwe miwili. Magari mengi ya mizigo hayana kitasa cha ndani kwenye mlango wa nyuma, kwa hiyo ukague wa kwako leo. Kizima moto kiwe unapoweza kukifikia ukiwa kitandani, kisiwe upande wa pili wa jiko, kwa sababu moto ukianzia jikoni hutakifikia.

Fikiria pia siku ya homa, ukiwa umelala na huna nguvu. Maji, dawa, taa na simu vifikike kwa kunyoosha mkono tu. Kila jioni mwandikie mtu mmoja mahali ulipoegesha. Ukikubali, mtu huyo niwe mimi, na nikikosa ujumbe wako hadi asubuhi nitaanza kupiga simu. Nalisema hili kwa dhati.

Choo ni rahisi: tenganisha mkojo na kinyesi, harufu hupungua sana. Rangi za mbao chagua unazozipenda.

Kabla ya yote, weka godoro kwenye sakafu tupu na ulale humo. Chora makabati kwa utepe wa kubandika, upite gizani kutoka godoroni mpaka kwenye usukani. Keti wima juu ya godoro, ili uone kama kichwa kitakuwa na nafasi baada ya paa kuvikwa mbao. Kisha nitumie mchoro mpya pamoja na namba ya mizani, tugawane kilo zilizobaki kabla hujalipia mbao. Na unijibu upesi kuhusu kile kitasa cha nyuma, kwa sababu kama hakipo, nina cha ziada na naweza kukutumia.

Akupendaye,
Rafiki yako wa siku zote