Safari ya Fourknocks, Jumamosi hii

Habari za jioni ndugu zangu wa Dublin. Ile safari ya kaburi la kale la Fourknocks, kule Meath karibu na Naul, ipo palepale.

1. Tukutane kituo cha treni cha Connolly saa 4 kamili asubuhi. Saa 4 yetu, si ya harusini!
2. Mafuta ni euro 10 kwa mtu. Mtoto bure. Mnitumie kabla ya Alhamisi usiku.
3. Pale hakuna mlinzi, tiketi wala choo. Ufunguo unachukuliwa kwa jirani kwa kuacha amana; hilo niachieni mimi.
4. Njooni na tochi na viatu vya matope.

Kaburi lina miaka 5,000 hivi. Paa la zege liliwekwa baada ya uchimbaji wa 1950–52, na mwanga hupenya kwenye matundu yake. Mkiingia tu, tazameni mkono wa kushoto: jiwe lililochongwa uso wa mtu, mdomo kama unacheka. Kwangu mimi panaishinda Newgrange, lile kaburi la kale maarufu la Meath, kwa utulivu.

Maegesho ni finyu, magari matatu tu. Anayekuja aandike "Nipo" na idadi ya watu. Mwenye gari aseme ana nafasi ngapi.