Mama, ile mizani yako nimeikuta Hamburg

Hamburg, Jumapili usiku

Mama, nyanya, na nyie wote hapo Busia,

Salamu nyingi. Mimi niko mzima, baridi tu ndo inanichapa, na rolex, chapati yetu ya mayai, najikaangia mwenyewe juu huku hakuna wa kukuuzia. Mama, juzi kwa simu uliniuliza "sasa hasa unapima nini huko?" na mtandao ukakata nikiwa ndo nafungua mdomo, basi wacha niandike, mdogo wangu atakusomea na asiruke mistari, namjua.

Napima nguvu ya chembe. Hapa DESY, kituo cha Wajerumani cha kuchunguza chembe, kuna mashine inakimbiza elektroni kwa kasi ya ajabu, halafu sisi watu wa majaribio tunapewa bimu yetu, yaani mkondo wa hizo chembe, unachagua unataka elektroni za GeV 1 mpaka 6. GeV ichukue tu kama kilo yetu. Sasa elektroni huwezi kuimwaga kwenye sahani ya mizani kama mukene, dagaa wetu, unaitegea ukuta: bamba la chuma, vigae vya plastiki, bamba tena, vigae tena. Ikigonga chuma inatoa mwale wa gama, gama inazaa elektroni na positroni, pacha wake mwenye chaji chanya, na hao nao wanazaa, yaani kama ule umbea wa sokoni kwamba mpaka umefungwa, mmoja anaambia wawili, wawili wanaambia wanne, mpaka habari yenyewe inachoka. Kila chembe ikipita kwenye plastiki inaacha mmweko mdogo wa mwanga, na kila kigae kina sensa yake, kitu kidogo kama punje ya mchele, inauona. Jumlisha mwanga wote, unajua elektroni iliingia na nguvu kiasi gani. Chombo kinaitwa kalorimita, na hii yetu ni prototaipu, ya kujaribia kabla watu hawajamwaga pesa kwenye kubwa.

Yetu ni kadogo sana. Kuna ya kikundi cha watafiti cha CALICE ilipelekwa CERN, kile kituo kikubwa cha chembe kule Geneva, mwaka 2018, tabaka 38, vigae karibu 22,000, sentimita 3 kwa 3 kila kimoja. Wale walikuwa na mashine ya kuvifunga karatasi ya kung'aa, mimi nafunga kwa mkono, kimoja kimoja, na glavu, juu ukikishika na jasho umekiharibu. Bodi moja vigae 144. Vidole vyangu sasa vinakunja hata nikilala.

Lakini nilichotaka kukuambia ni hiki. Unakumbuka ulivyokuwa unatuchelewesha shule asubuhi, hufungui biashara mpaka uweke kwanza lile jiwe la kilo mbili kwenye mizani? Hata kama stika ya UNBS, wale wa serikali wa kukagua mizani, bado mpya kabisa. Mimi nilikuwa naona ni ushamba. Sasa huku ndo kazi yenyewe, na jiwe letu ni mioni. Hizo ni chembe zinazoshuka toka juu angani mchana na usiku, hata hapo ulipokaa zinakupita, kiganja chako tu kinapitwa na kama 100 kwa dakika na husikii kitu. Uzuri wake ni kwamba kila mioni inayokatiza kigae inaacha nguvu karibu ile ile, kwa hiyo sensa ikisema kubwa kigae hiki na ndogo kile, ujue sensa ndo zinatofautiana, unazirekebisha. Kigae kimoja kinapata kama 9 kwa dakika, basi unaacha usiku kucha, unaenda kulala.

Na wiki jana nikajifanya mjanja. Bimu tulipewa siku chache, nikaona hakuna haja ya kuangalia tena kama chombo kiko sawa, juzi si tuliangalia? Saa nane usiku tabaka la tatu linahesabu kama limepagawa. Nikabadilisha waya, nikazima nikawasha, saa mbili zimeenda na kila mtu ananiangalia, mpaka mwenzangu mmoja akazima taa ya chumba na hesabu ikashuka pale pale. Mwanga ulikuwa unaingia! Tukasimamisha bimu, nikaingia gizani na tochi ndogo, naitembeza polepole kwenye tepu nyeusi inayoziba mwanga, yeye kwenye kompyuta anapiga kelele "bado, bado, bado, HAPO!" Kitundu kwenye kona, nilikitoboa mwenyewe nikivuta waya, kama kile cha msumari kwenye mabati ya nyanya, ambacho mchana kinashusha fimbo ya jua na vumbi linacheza ndani. Tepu ya sentimita tano, ikaisha. Sikulala siku hiyo kwa aibu.

Pesa ya fizi nimeituma kwa MoMo ya shangazi, aitoe mapema kabla shule haijafungua. Nyanya aache kunywa ile dawa ya majani bila kumwambia daktari, tafadhali.

Na wewe mdogo wangu, ukimaliza kusoma hii nenda ukapige picha lile jiwe la mama, lile lenye kutu, namba imefutika, unitumie. Nimewahadithia hawa watu na hawaamini linafanya kazi bado.

Wenu, niliye mbali