Risala kwa Mheshimiwa Hakimu: Dhamana na Mtu Asiye na Hati ya Shamba

Mheshimiwa Hakimu, Mgeni wetu Rasmi. Chifu na Naibu Chifu. Afisa wa probesheni. Wazee wa Nyumba Kumi. Wachungaji na mashehe. Wazazi wetu na majirani wote wa mtaa wa Obunga, Kisumu, hamjambo?

Kwa niaba ya wanakikundi, karibu sana. Tumezoea kukuona kortini, nasi tukiwa kwenye mabenchi ya nyuma tukingoja jina la mtoto wetu lisomwe. Leo umekubali kuketi nasi chini ya hema hili, katika mtaa wetu, na jambo hilo limetutia moyo kuliko tunavyoweza kusema.

Kikundi hiki kilianza kama chama cha akina mama wakaangao mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki inayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Tulikuwa tukichanga kila wiki ili tusaidiane kwenye ugonjwa na matanga. Lakini pesa zilizotoka sandukuni kwa dharura ya kwanza zilikuwa za kumtoa mtoto wa mwenzetu seli. Zikafuata nyingine, na nyingine. Ndipo tukaona afadhali tujifunze sheria kuliko kumaliza akiba yetu gizani. Vijana na akina mama unaowaona wamevaa leso za buluu wamehitimu mafunzo ya wasaidizi wa sheria, kazi ambayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inaitambua.

Mheshimiwa, hatutakuficha. Wezi wapo kwetu, na wengine tumewazaa wenyewe. Wapo hapa akina mama walioporwa pesa za samaki alfajiri, na waendeshaji boda wamezika wenzao waliouawa kwa ajili ya pikipiki. Watu hao wanastahili kuona kesi zao zikisikizwa mpaka mwisho, na hatutaki lolote tutakalosema leo liwapunguzie haki yao.

Tunajua pia hali ilivyofikia hapa. Wapo wazee hapa waliolea watoto kwa mshahara wa kiwanda cha nguo cha Kicomi, na jamaa zao walitegemea sukari ya Miwani. Viwanda hivyo vilifungwa. Samaki aina ya mbuta wamepungua ziwani, na viwanda kadhaa vya minofu vikafunga milango. Kijana anamaliza kidato cha nne, anaketi kijiweni mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hatusemi umaskini ni ruhusa ya kuiba. Akina mama hawa ni maskini, na wanasimama kwenye moshi wa mafuta hadi usiku ili wasiibe. Tunachosema ni kwamba mtu wa hali hii ndiye anayekamatwa upesi na ndiye anayekaa ndani muda mrefu, hata kama kosa si lake. Chukua mfano wa chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Bunge liliondoa marufuku ya kinywaji hicho mwaka 2010 kwa Sheria ya Kudhibiti Vileo, lakini masharti ya leseni hayawezi kutimizwa na mjane mwenye jiko moja. Kwa hiyo yeye bado anakimbia polisi.

Jambo kubwa tulilokuitia, Mheshimiwa, ni dhamana. Ibara ya 49 ya Katiba inasema mtu aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, afikishwe kortini ndani ya saa 24, na aachiliwe kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito ya kumzuia. Saa hizo zikiisha nje ya muda wa korti, husubiriwa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana mtu wetu akikamatwa Ijumaa jioni tunajua tutamwona Jumatatu, na mama wa mboga akilala ndani siku hizo mboga zote zimeoza. Sheria haikuvunjwa, lakini mtaji umekwisha kabla hajasomewa shtaka.

Akishasomewa, anaambiwa alete mdhamini mwenye hati ya shamba au logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Sisi ni wapangaji, Mheshimiwa. Shamba la nyumbani Siaya au Vihiga bado liko kwa jina la babu aliyefariki, na hati haijawahi kugawanywa.

Kijana mmoja wa hapa, msukuma mkokoteni, alishtakiwa kuiba mabati. Kiasi cha pesa alichotakiwa kulipa badala ya mdhamini kingeweza kulipwa na mwenye duka kabla ya chakula cha mchana. Yeye alikaa rumande miezi mingi. Mlalamishi hakufika, kesi ikaahirishwa, hakufika tena, mwishowe kijana akaachiliwa. Alirudi akakuta chumba kimepangishwa mtu mwingine, mkokoteni haupo, mke amekwenda kwao. Alitueleza kwamba ndani alilala kando ya watu wanaojua bunduki, na kwamba walikuwa wakimpa sabuni na chakula, jambo ambalo sisi tuliokuwa nje hatukulifanya. Tunamshukuru Mungu kwamba leo anafanya kazi nasi. Wengine waliotoka kwa njia hiyo hatujui wako wapi. Na wapo waliokiri makosa wasiyoyafanya, kwa kusikia kwamba anayekiri humaliza haraka.

Upande wa pili wa dhamana hiyohiyo ndio unaotutia hofu zaidi. Mshukiwa akiachiliwa kwa dhamana, majirani wanamwona sokoni siku ya pili, wanasema amehonga. Hakuna aliyewaeleza kwamba kesi inaendelea. Siku nyingine mtu akishikwa na kuku wa wenyewe, hawaiti tena polisi, wanaita petroli. Tumewahi kusimama kati ya umati na mtoto wa miaka kumi na saba, na tunakuambia kwamba walioshika mawe hawakuwa wahalifu. Walikuwa watu tunaosali nao, waliokata tamaa na korti wasiyoielewa.

Wasaidizi wetu wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba na kueleza kwamba dhamana si hongo wala si faini. Pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha ikiwa mshtakiwa alifika kila alipoitwa, na kwa hiyo risiti itunzwe. Familia nyingi zilikuwa hazijui, risiti zilifungiwa mandazi.

Tunaomba, Mheshimiwa, unapopanga dhamana ya mtu wa mtaa kama huu, uagize ripoti ya afisa wa probesheni mapema, na barua ya Chifu na ushahidi wa majirani vipewe uzito pale ambapo hati ya shamba haipo. Sisi tuko tayari kutoa taarifa ya mahali mtu anapolala na anapofanyia kazi, na tukiona anataka kutoroka tutasema. Kwa makosa madogo tunaomba Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 itumike zaidi, kwa sababu mitaro ya Obunga imejaa taka na mikono ya kuizibua ipo. Kwa aliyekaa rumande na akapatikana na hatia, tunaomba muda ule utajwe kwa sauti unaposoma hukumu, kama Kifungu cha 333 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai kinavyotaka uhesabiwe, ili familia isikie. Nyanya zetu wanaojua Dholuo tu wapate mkalimani bila kulipishwa. Na tunaomba nafasi moja katika Kamati ya Watumiaji wa Mahakama. Hatuombi posho. Tutakuja kwa miguu.

Sasa tunakuomba uwakabidhi wahitimu vyeti vyao. Baadaye kuna samaki na ugali wa wimbi, na akina mama wangependa uonje.

Ni sisi, wanakikundi wa Obunga, Kisumu.
Imesomwa na Katibu.