Risala ya Kikundi cha Mazingira kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, viongozi wa kijiji, wazee wetu, walimu na wanafunzi,

Tunakukaribisha kwa heshima zote hapa kwetu, miguuni pa Kilimanjaro. Kikundi chetu kilianzishwa na akina mama wachache wenye kitalu cha miche. Leo kingo za mto zimevaa kijani, na hakuna shule katika kata hii isiyotutegemea kwa elimu ya mazingira.

Mgeni Rasmi, tuingie kwenye lililotuleta. Juu ya msitu, kwenye nyasi na vichaka vya erika, mmea wa mlimani wenye majani madogo kama sindano, anaishi panya ambaye wataalamu humwita Otomys zinki. Hapatikani mlima mwingine wowote duniani. Chakula chake ni nyasi na maficho yake ni nyasi hizo hizo, wala hazai watoto wengi kwa mkupuo kama panya wa majumbani. Zikiungua, amekosa vyote kwa siku moja. Akikimbilia juu anakuta mawe na baridi tupu.

Oktoba 2020 moto uliteketeza zaidi ya kilometa za mraba 90 za mlima huu. Oktoba 2022 ukarudi, upande wa Karanga, kambi ya wapanda mlima. Kwa miaka mingi mioto ya namna hii imekula misitu ya erika inayonasa maji ya ukungu, na mifereji yetu ya migombani inayategemea maji hayo. Kwa hiyo tunapomlilia panya yule, tunajililia na sisi.

Vijana wetu hupanda kuzima moto wakiwa na matawi mabichi, wengine na ndala miguuni. Mgeni rasmi aliyekutangulia aliahidi vifaa, tukapiga makofi. Aliyekuja kabla yake naye aliahidi, tukapiga makofi. Tunaziheshimu ahadi za viongozi, na hizo zote zimo kwenye kumbukumbu za vikao vyetu. Vifaa ndivyo havijafika.

Hatuombi fedha. Tunaomba mabomba ya maji ya kubeba mgongoni, kama yale ya kupulizia kahawa, pamoja na reki, mapanga, buti, redio za mawasiliano, na mafunzo ya kuzima moto chini ya askari wa hifadhi. Tunakuomba pia, kwa unyenyekevu, kabla hujapanda gari ututajie tarehe, nayo iwe kabla ya Oktoba.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi