Si kila picha inayotetemeka angani ni kosa la kamera

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nimjibu mwenzetu aliyeandika wiki mbili zilizopita akilalamikia picha za video za mafuriko ya bonde la Rufiji, zile zilizopigwa kutoka kwenye helikopta na kurudiwa hivi karibuni katika runinga. Alisema zilimtia kichefuchefu, na hapo sina ubishi naye, kwa maana hata mimi niliyeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20 ilinibidi nigeuze uso. Lakini alipohitimisha kwamba kamera za vituo vyetu zimechakaa na dawa yake ni kununua mpya, naona alipotea njia, na nisingependa mhasibu yeyote mwenye kusaini hundi amsikilize.

Ushahidi ulikuwa ndani ya picha zenyewe. Upande wa kushoto ulionekana ukingo wa mlango wa helikopta, na ukingo huo ulikuwa umetulia tuli kama nguzo, huku mto, miembe na mapaa ya nyumba vikicheza. Ukiona hivyo, ujue kamera na helikopta zimeshikamana zikawa kitu kimoja: mpiga picha ameilaza kamera kwenye fremu ya mlango, au ameifunga kwa kibano kwenye bomba la kiti, au amekaza kiwiko ukutani akidhani anapata utulivu. Laiti mlango na mto vingekuwa vinayumba vyote, kila kimoja kwa mwendo wake, tungesema mikono ya mpiga picha ndiyo iliyochoka. Na kama kamera yenyewe ingekuwa mbovu, isingechagua. Ingetikisa mlango na mto pamoja, kwa kiasi kile kile.

Kosa hili hufanywa na watu makini kuliko wazembe, kwa sababu ardhini sote tumefundishwa kutafuta mahali pa kuegemea. Katika helikopta egemeo lenyewe ndilo linalotetemeka. Chukua Robinson R44, mojawapo ya helikopta ndogo zilizouzwa kwa wingi duniani: pangaboi lake kubwa lina mapanga mawili na huzunguka takriban mara 400 kwa dakika, na kwa kuwa kila mzunguko huleta mitikiso miwili, kamera iliyofungwa mlangoni hupigwa kama mara 13 kila sekunde, mbali na mitetemo ya haraka zaidi ya injini na ya pangaboi dogo la mkiani. Mwili wa binadamu humeza sehemu kubwa ya fujo hiyo. Ndiyo maana mpiga picha aliyezoea huketi mgongo wake ukiwa umeachana kidogo na kiti, viwiko vikiwa hewani, na kamera ikining'inia mikononi kama mtu aliyepakata mtoto aliyelala ndani ya basi la njia ya vumbi. Baada ya nusu saa mabega huwaka moto, lakini picha hutulia.

Iko aina ya pili ya mtetemo ambayo huwachanganya hata mafundi. Hapo picha haitikisiki yote kwa pamoja, bali inajikunja: paa la bati la shule linapinda mawimbi kama mkeka unaokung'utwa, na nguzo za umeme zinanyongoroka. Kamera nyingi za siku hizi hazisomi picha nzima kwa mara moja. Kihisi chake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, husoma mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini, na katika muda huo mfupi helikopta imekwisha kuisogeza kamera huku na huku, kwa hiyo mistari ya chini inanasa mahali tofauti na ile ya juu. Ndiyo sababu hiyo hiyo mapanga ya pangaboi huonekana kwenye video yamepinda kama ndizi. Hakuna fundi atakayeondoa hali hiyo kwa bisibisi, na programu za kuhariri huipunguza kidogo tu. Dawa ni kuuzuia mtetemo usiifikie kamera tangu mwanzo, na kuacha tamaa ya kuvuta zumu, kwa sababu zumu inayokuza nyumba mara kumi hukuza na mtikisiko mara kumi.

Wengi hukimbilia mtambo wa kutuliza picha uliomo ndani ya kamera au lenzi. Mtambo huo ulitengenezwa hasa kwa ajili ya kutetemeka kwa mikono ya mtu, nao huweza kuchanganyikiwa na mitetemo ya haraka ya injini hadi ukaongeza mtikisiko wake juu ya ule uliopo, hasa kamera ikiwa tayari imefungwa kwenye kifaa kingine cha kuituliza, hapo vikawa viwili vinavyoshindana. Jaribio lake ni rahisi: piga sekunde kumi mtambo ukiwa umewashwa, sekunde kumi ukiwa umezimwa, kisha tazama zote kwenye skrini kubwa. Wanaopiga kwa simu nao wajihadhari. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitoa tahadhari kwamba mitetemo mikali ya injini kubwa za pikipiki yaweza kudhoofisha kamera za simu zake zenye vituliza picha vya aina hiyo. Vijana wa bodaboda wanaofunga simu kwenye usukani wangefaa kulisikia hilo kabla hata ya sisi tunaopanda helikopta.

Nisionekane ninamkosoa mtu kutoka kwenye kiti cha starehe. Miaka mingi iliyopita, wakati kamera zenye diski ngumu ndani yake zilipokuwa zimeingia kwa kishindo, nilitumwa na kampuni moja kupiga picha za mlima Kilimanjaro upande wa Shira. Tulipokuwa tukipaa, kamera ilirekodi vizuri. Tulipokaribia uwanda wa Shira, ulio juu ya meta 3,500, ilianza kujizima yenyewe kila baada ya dakika moja au mbili, ikiniandikia maneno ya onyo ambayo sikuyaelewa, na kila rubani aliposhuka kwa ghafla ilikata kabisa. Nilirudi na vipande vifupi vifupi visivyoungika. Kesho yake kamera ikapelekwa kwa fundi, akaifungua, akabadilisha waya mmoja bapa, akalipwa, akatukabidhi. Hapo mezani ilifanya kazi bila kasoro, kama ilivyokuwa ikifanya kabla ya kufunguliwa. Siku nilipoketi nikasoma kile kijitabu kilichokuja na boksi ndipo nilipoyakuta yote: isitumike juu ya meta 3,000, na isitumike penye mtetemo mkali. Sindano inayosoma diski haigusi diski. Huelea juu yake kwa tabaka jembamba la hewa, na kule juu hewa ni nyepesi. Isitoshe, kamera ilikuwa na kihisi cha kuanguka, kilichodhani kila tunaposhuka kwa ghafla kwamba imemponyoka mtu, nacho kikaizuia diski isijiumize. Kamera ilikuwa nzima siku zote.

Kamera za leo hurekodi kwenye kadi, hivyo balaa hilo limekwisha, isipokuwa kwa wale ninaowasikia wakinakili picha kwenye diski ngumu za nje wakiwa bado angani ili waokoe muda. Subirini mtue.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Fokasi ya otomatiki hupenda kushika vumbi, wadudu na matone ya mvua kwenye dirisha badala ya kijiji kilicho chini yake; izime, vuta zumu hadi mwisho, weka fokasi kwenye kitu cha mbali, kisha rudi kwenye pembe pana na usiguse tena. Mwanga wa otomatiki nao hupanda na kushuka kila kivuli cha panga kinapopita mbele ya lenzi, ikatokea picha inayopepesa; huo pia uzimwe. Anayepiga kupitia dirisha la plastiki na lenzi yake ina kichujio cha kupunguza mng'aro, kile tunachokiita polaraiza, atapata mabaka ya rangi za upinde wa mvua yatakayomfanya aamini kihisi kimeungua, kumbe akikivua kichujio yanatoweka. Kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi pale Dar es Salaam ikitolewa nje asubuhi huingia ukungu kwenye lenzi, na kuufuta kwa kanga hakusaidii. Iachwe ndani ya mfuko wake, nje ya kiyoyozi, kwa muda kabla ya safari. Na asithubutu mtu kuchomeka chaja ya gari kwenye umeme wa helikopta bila kumuuliza rubani, kwa kuwa helikopta nyingi zenye injini ya turbini zina volti 28, wala si 12. Kuhusu sauti, ile ya maiki ya kamera ni ya kutupa, na anayetaka maneno ya rubani atumie kinasa sauti kidogo cha pembeni.

Rubani mwenyewe tunamsahau, wakati yeye ni nusu ya kamera. Helikopta inapotoka kwenye kuelea mahali pamoja na kushika mwendo, au inapopunguza mwendo kutaka kusimama, hupita katika kasi ya takriban kilometa 30 hadi 45 kwa saa, na hapo hutetemeka sana. Mpiga picha asiyejua humwambia rubani, “Kaka, punguza, twende taratibu,” akidhani taratibu ndiyo tulivu, kumbe anamsogeza kwenye mtikisiko wenyewe. Akimwambia aongeze kidogo na azunguke kwa duara kubwa, atashangaa. Ni vizuri pia aketi nyuma ya rubani, upande ule ule, ili wote wawili waone kitu kimoja bila kuelekezana kwa vidole.

Nimeandika juu ya kuondoa viwiko na mgongo kwenye fremu, na kazi hiyo mara nyingi hufanywa mlango ukiwa umeng'olewa, kwa hiyo sina budi kutaja mikanda. Tarehe 11 Machi 2018, helikopta iliyobeba abiria waliokwenda kupiga picha, milango ikiwa wazi, ilianguka katika mto East River, New York. Rubani alitoka. Abiria wake wote watano walizama wakiwa wamefungwa kwa mikanda ya ziada ambayo hawakuweza kuifungua, na kamba ya mmoja wao ndiyo iliyonasa wenzo wa kuzima mafuta ya injini. Kila kitu kinachoweza kudondoka kifungwe, kuanzia kofia ya lenzi hadi simu, lakini mtu mwenyewe afungwe kwa kitu anachoweza kukifungua kwa mkono mmoja gizani, naye awe amelifanyia mazoezi jambo hilo ardhini.

Ombi langu kwa wahariri wa habari na wanaopanga bajeti ni moja. Mnapokodi helikopta, ombeni dakika kumi za kusimama uwanjani pangaboi likiwa linazunguka, kabla ya kupaa, kamera ikirekodi, na muwe na mtu wa kuitazama video hiyo papo hapo. Dakika hizo zinalipiwa, najua, na ndizo za kwanza kukatwa kwenye hesabu. Hata hivyo ndizo zinazoonyesha kama kibano kinapitisha mtetemo, kama kituliza picha kinagombana na injini, kama dirisha lina mafuta. Kwa picha zile za Rufiji, dakika moja tu ingetosha kwa mtu kumgusa mpiga picha begani na kumwambia aondoe kamera mlangoni.

Mpiga picha za video,
Tabata, Dar es Salaam