Barua kwa Mwanangu Kuhusu "Than" na "Then"

Mwanangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako pamoja na karatasi ya insha, na nimeona jinsi kalamu nyekundu ya mwalimu ilivyokuandama kwenye neno lilelile. Umeandika "then" (kisha) palipotakiwa "than" (kuliko), kwingine ukageuza, na sasa unauliza kwa nini upunguziwe alama kwa ajili ya herufi moja, ilhali masikioni mwako maneno hayo hayana tofauti. Swali lako ni la haki, nami nitalijibu kwa kirefu, kwa kuwa maneno haya yatakufuata hata kwenye hesabu na baiolojia, ambazo tangu uingie kidato cha kwanza umeanza kusomeshwa kwa Kiingereza.

Sikio lako halina kosa. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja hutamkwa vilevile popote inapokaa. Irabu ya "than" iko kati ya a yetu na e yetu, kwa hiyo sikio lililolelewa kwa Kiswahili huisogeza upande mmoja, na mara nyingi ni upande wa e. Tena Waingereza wenyewe wanapozungumza kwa kasi hawaliwekei mkazo neno hilo, hata irabu yake hufifia isijulikane ni ipi. Ndiyo maana kosa lako hufanywa pia na watu waliozaliwa London au Chicago, na wala si dalili ya ushamba kama baadhi ya wenzako wanavyokutania.

Liko jambo jingine ambalo pengine hukuambiwa darasani: hapo kale maneno haya yalikuwa neno moja. Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611, na mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare wa mwaka 1623, zimeandika "then" mahali pengi ambapo leo tungeandika "than", na hakuna aliyeona ajabu. Tahajia hizo mbili zilikuja kuachana kabisa kuelekea mwaka 1700. Waholanzi mpaka leo hutumia neno moja tu, "dan", kwa maana zote mbili. Wanaochunguza asili ya maneno hueleza kwamba anayesema fulani ni mrefu "than" fulani alikuwa, hapo mwanzo, akiwapanga watu kwa zamu: huyu ni mrefu zaidi, kisha ndipo anafuata yule. Kwa hiyo insha yako ingepita bila doa miaka 400 iliyopita, lakini mwalimu wako anasahihisha Kiingereza cha leo.

Katika Kiingereza hicho, "then" hupanga mambo na "than" huyapima. Sikushauri ukariri herufi ipi inakwenda na maana ipi, kwa sababu ujanja wa namna hiyo humtoka mtu akiwa katikati ya mtihani. Afadhali ujiulize ungesema nini kwa Kiswahili. Ukiona moyoni unasema kisha, halafu, wakati huo au basi, andika "then". Ukiona unasema kuliko, kushinda au zaidi ya, andika "than". Sisi hatuna namna ya kuchanganya kuliko na kisha, kwa hiyo hapa Kiswahili chako kinakusaidia, hata kama umezoea kuambiwa kwamba kinakurudisha nyuma.

Chukua sentensi inayoweza kusemwa bwenini kwenu usiku wa kuamkia mtihani. "I would rather read than sleep" maana yake ni heri nisome kuliko kulala, na aliyeisema atakesha. "I would rather read, then sleep" maana yake ningependa nisome kwanza, kisha nilale, na huyu atapata usingizi wake. Kompyuta inayokagua tahajia inaweza kuziacha zote mbili zipite, kwani kila neno hapo limeandikwa sawasawa; anayejua kama unalala au unakesha ni wewe uliyeandika.

Kwenye hesabu utayakuta yote mawili katika mstari mmoja: "If x is greater than 5, then x is greater than 3." Ikiwa x ni kubwa kuliko 5, basi x ni kubwa kuliko 3. "Than" inasoma ile alama ya > inayopima namba mbili, na "then" inaleta tokeo la sharti lililotangulia. Ukiandika "greater then" umeiacha namba yako bila ya kulinganishwa nayo.

Nimeona pia umeandika "big than". Mkubwa wetu hubaki mkubwa hata tukimlinganisha na nani, lakini wao hukibadilisha kivumishi chenyewe kwanza, ndipo wanasema "bigger than"; na kivumishi kikiwa kirefu, hutanguliza "more". Lakini maneno machache waliyoyapokea kutoka Kilatini, kama "senior", "junior", "superior" na "inferior", hukataa "than" na kutaka "to". "Prefer" nayo ni hivyo hivyo. Hayo yakariri tu.

Ulipoandika "Mother loves my sister more than me" mwalimu alikuwekea alama ya kuuliza pembeni, na ukadhani amekosea, maana "than" yako hapo ni sahihi. Hakukosea. Sema kwa Kiswahili: Mama anampenda dada kuliko mimi. Je, Mama anampenda dada kuliko anavyonipenda mimi, au anampenda kuliko ninavyompenda mimi? Sentensi yetu inabeba maana zote mbili, na msikilizaji huamua kwa kuangalia mazungumzo yalipotoka. Kiingereza cha kitabuni hutenganisha: "than me" ni mimi ninayependwa, na "than I" ni mimi ninayependa. Robert Lowth, mwanazuoni aliyekuja kuwa askofu wa London, alieleza katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1762 kwamba kiwakilishi kinachofuata "than" hutegemea kitenzi kilichofichwa baada yake. Hata hivyo, mitaani watu husema "than me" kwa maana zote mbili, na "than I" peke yake husikika kama mtu anayejikweza. Kwa maoni yangu, njia salama ni kukitoa kitenzi hadharani: "more than I do" ukikusudia maana moja, "more than she loves me" ukikusudia nyingine. Mwalimu hatakuwa na la kuuliza.

Na kama ulikusudia kwamba nampenda dada yako kuliko ninavyokupenda wewe, mwanangu, tutaizungumza ukija likizo, kwa sababu hiyo haihusu sarufi. Dada yako ameisoma insha yako na amefurahi kupita kiasi.

Wasalimie wenzako wote.

Mama yako